Si Kila Ugonjwa Hupoa kwa Kuzeeka

Ugonjwa mpya ukizuka, haipiti muda kabla hujamsikia mtu akiwatuliza wenzake: "Vuteni subira, kitapoa. Kirusi kikimuua anayekibeba, nacho kinakufa. Mwishowe kitazoeana na watu." Wakati wa UVIKO-19 maneno hayo yalizagaa, na baadhi ya walioyasema walikuwa na elimu ya tiba. Nimeyafikiria sana tangu wakati huo, na naamini ni miongoni mwa mambo ya hatari tunayoaminishana kuhusu maradhi. Yangekuwa uongo mtupu yasingetudhuru sana. Yana ukweli kidogo ndani yake, na ukweli huo kidogo ndio unaotufanya tusiulize swali linalobaki: kikipoa, nani amelipia?

Fikra hiyo ina umri wa zaidi ya karne. Mwaka 1893 mtafiti wa Marekani Theobald Smith na mwenzake F. L. Kilborne walionyesha kwamba homa ya Texas, ugonjwa uliokuwa ukifyeka ng'ombe, huenezwa na kupe. Ng'ombe wa majimbo ya kusini walibeba vimelea vya homa hiyo bila kuonekana wagonjwa, ilhali wa kaskazini walikufa wakichanganywa nao. Kwa kuona mambo ya aina hiyo, Smith alifikia wazo kwamba kimelea na mwenyeji wake, yaani kiumbe anayekibeba, wakikaa pamoja muda mrefu huelekea kwenye maelewano. Lakini ng'ombe wa kusini walikuwa wakiambukizwa wangali ndama, umri ambao homa hiyo huwa nyepesi, na wanapokua tayari wana kinga. Kilichoonekana kama amani iliyojengwa na vizazi, kwa sehemu kubwa kilikuwa kinga aliyoipata ng'ombe mmoja mmoja maishani mwake. Hayo ni mambo mawili tofauti, na tunayachanganya hadi leo.

Kosa la msingi ni kukipa kimelea akili na mipango. Kirusi hakijui kama unaumwa. Kila kinapojinakili hutokea makosa madogo ya kunakili, na kati ya nakala hizo zote, zinazobaki duniani ni zile zilizofanikiwa kuhamia kwenye miili mingine. Kabla mwenyeji hajafa au hajapona, ameambukiza wangapi? Basi, hesabu nzima ni hiyo. Ukali ukiongeza idadi ya walioambukizwa, ukali utaongezeka. Ukiipunguza, utapungua. Mwenyeji akifa baada ya kimelea kuwa kimeshahama, kifo chake hakiingii kwenye hesabu hata kidogo.

Mfano unaopendwa na wanaoamini kwamba magonjwa hupoa ni ule wa sungura wa Australia. Inafaa kuusimulia mpaka mwisho, kwa kuwa wengi huuachia katikati.

Mwaka 1859 mlowezi Thomas Austin aliachia sungura wachache wa Ulaya kwenye shamba lake huko Victoria. Haikutimia miaka mia moja, wakawa mamia ya mamilioni, wakala malisho mpaka ardhi ikabaki vumbi. Mwaka 1950 wanasayansi wakawaachia kirusi cha miksoma. Kwao Amerika ya Kusini kirusi hicho huishi kwa jamaa mwingine wa sungura, na humtoa kivimbe kidogo cha ngozi tu. Kwa sungura wa Ulaya kilikuwa mauti: katika kila sungura 100 waliokipata, zaidi ya 99 walikufa, wengi wao kabla ya wiki mbili kwisha. Watu wakaingiwa na hofu kwamba kingewageukia na wao. Mwanasayansi Frank Fenner na wenzake wawili, Macfarlane Burnet na Ian Clunies Ross, wakajidunga kirusi hicho ili kuonyesha kwamba hakimdhuru binadamu. Lakini ninalomheshimia Fenner zaidi ni kazi iliyofuata, ndefu na isiyo na shangwe: kukusanya virusi kutoka porini mwaka baada ya mwaka na kuvipima kwa sungura wa maabara ambao ukoo wao haukuwahi kukutana navyo.

Ndani ya miaka michache aliona virusi vikali kupindukia vikiadimika, na nafasi yao ikishikwa na vya ukali wa kati. Ufunguo ulikuwa mbu. Mbu huchafua mdomo wake kwenye vidonda vya sungura aliye hai. Sungura anayekufa siku ya kumi huwafikia mbu wachache, na anayejikokota wiki tatu na vidonda vibichi huwafikia wengi zaidi. Aliyepata kirusi dhaifu mno naye hupona upesi, vidonda vikakauka, na mbu hawapati kitu. Katikati ndipo penye faida. Ila tuangalie hiyo katikati ilikuwa na maana gani: aina iliyotawala pori bado iliua kati ya sungura 70 na 95 katika kila 100.

Wakati huohuo sungura nao walikuwa wakibadilika, kwa njia moja tu, kufa. Wale ambao vinasaba vyao viliwasaidia walau kidogo waliishi na kuzaa. Karibu na ziwa Urana, ndani ya miaka saba ya milipuko, vifo vya sungura wa porini walioambukizwa kirusi cha aina moja kwa kulinganisha vilishuka kutoka takriban asilimia 90 hadi kama robo. Kirusi hichohicho kilifika Ufaransa mwaka 1952 na Uingereza mwaka 1953. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliolinganisha sungura wa sasa na mabaki ya wale wa kabla ya ugonjwa yaliyohifadhiwa kwenye makumbusho, ulikuta mabadiliko yaleyale ya vinasaba yameongezeka katika nchi zote tatu. Sungura waliotengana kwa bahari na mabara walikuwa wamesukumwa kwenye jibu moja.

Hapo ndipo simulizi hukatizwa, na msikilizaji akaondoka akiamini kwamba kirusi na sungura wamepatana. Lakini sungura wanaopona haraka ni hasara kwa kirusi kinachohitaji vidonda vibichi. Watafiti walipochukua virusi vya miaka ya 1990 na kuwapa sungura wa maabara wasio na kinga ya kurithi, baadhi ya sungura hao walianguka ghafla, miili yao ikiwa katika hali inayofanana na mshtuko wa damu kuingiliwa na bakteria. Kirusi kilikuwa kimejifunza kuzima kinga ya mwili kwa nguvu ambayo kile cha mwaka 1950 hakikuwa nayo. (Nasema "kimejifunza" kwa kukosa neno jingine, hakuna kilichofikiriwa.) Ukimtazama sungura wa porini, ugonjwa umepungua. Ukikitazama kirusi chenyewe, makali yameongezeka. Mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

Anayesema "kirusi kimepoa" kwa hiyo anapaswa kuulizwa amepima wapi. Huenda ni sisi tuliobadilika. Omicron, aina mpya ya kirusi cha UVIKO, ilipogunduliwa mwishoni mwa mwaka 2021, iliwakuta watu wengi tayari wamechanjwa au wameshaugua, na kabla yake Delta ilikuwa imewalaza hospitali watu wengi zaidi kuliko aina zilizoitangulia. Hakukuwa na mteremko ulionyooka kuelekea upole. Wala haukutarajiwa, kwa sababu kirusi cha UVIKO huenea zaidi katika siku za mwanzo, na vifo huja wiki kadhaa baadaye. Kufikia hapo kirusi kimeshaondoka.

Vimelea vya malaria vina nafasi pana zaidi ya kuwa vikali. Mgonjwa wa mafua asipotoka kitandani haambukizi wengi, lakini mgonjwa wa malaria aliyelala hoi hahitaji kwenda popote, maana mbu humfuata alipo. Kipindupindu nacho, palipo na maji machafu, hutegemea zaidi mtiririko wa maji kuliko miguu ya mgonjwa. Ndiyo maana sioni sababu ya kutarajia upole kutoka kwa magonjwa yenye usafiri wao wenyewe. Malaria imekaa na binadamu kwa maelfu ya miaka, na bado huua mamia ya maelfu ya watu kila mwaka, wengi wao watoto wadogo.

Kuna mfano mwingine unaonigusa zaidi, kwa kuwa mkono wa binadamu umo ndani yake. Ugonjwa wa Marek, ambao wafugaji wengi huuita mahepe, ulielezwa na József Marek wa Hungaria mwaka 1907 kama ulemavu wa miguu kwa kuku. Chanjo ilianza kutumika yapata mwaka 1970 na imeokoa kuku wasiohesabika. Lakini chanjo hiyo huzuia kuku asiugue wala asife. Haizuii kirusi kuishi ndani yake na kutoka kupitia vumbi la manyoya. Kabla ya chanjo, kirusi kikali kupindukia kilimuua kuku upesi na kikafia humohumo. Baada ya chanjo, kuku aliyekibeba huishi na kukisambaza kwa wiki nyingi. Andrew Read na wenzake walionyesha jambo hilo kwa majaribio mwaka 2015. Leo kuna aina za kirusi hicho zinazoweza kumuua kuku asiyechanjwa ndani ya siku kumi.

Najua mfano huu hutumiwa na wapinga chanjo, kwa hiyo nitasema wazi ninavyouelewa. Chanjo ya surua humfanya mtu asiambukizwe na asiambukize, na kirusi hakipati daraja la kupitia. Funzo la kuku linahusu chanjo zinazoacha njia ya maambukizi wazi, na jibu lake ni kutengeneza chanjo bora na kuwafikishia wote. Asiyechanjwa ndiye anayekufa, kwa kuku na kwa watu.

Turudi kwa mwenyeji, kwani kwake ndiko kuna gharama nisiyoweza kuipita haraka. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kwamba jeni ya selimundu humkinga na malaria anayeirithi kutoka kwa mzazi mmoja tu. Badiliko lenyewe ni herufi moja tu katika maelekezo ya kutengeneza himoglobini. Anayebeba nakala moja ana kinga ya karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Anayerithi nakala mbili huugua selimundu, na seli zake nyekundu hupinda, huziba mishipa, huleta maumivu na kufupisha maisha. Wazazi wawili wenye nakala moja moja, kila wanapopata mtoto, uwezekano ni mmoja kati ya minne kwamba atazirithi zote mbili. Kila mwaka huzaliwa zaidi ya watoto 300,000 wenye ugonjwa huo, wengi wao Afrika.

Kitabu cha baiolojia huliita jambo hilo mizani, na kihesabu ni mizani kweli. Mimi hushindwa kulisoma neno hilo bila kuwafikiria watoto walio upande mzito. Uteuzi asilia haukuwatafutia suluhisho. Ulihesabu vifo vya huku na vifo vya kule, ukatulia pale ambapo jumla ilikuwa ndogo. Anayeliita hilo "mwili kujizoeza" hajakaa na mtoto mwenye maumivu ya selimundu usiku kucha.

Na kimelea hakikukubali kushindwa hata kwa gharama hiyo. Utafiti uliotolewa na jarida la Nature mwezi Desemba 2021, uliohusisha watoto wenye malaria kali wa Kenya na Gambia, ulikuta kwamba baadhi ya vimelea vina mabadiliko katika sehemu tatu za vinasaba vyao, na kwamba dhidi ya vimelea hivyo kinga ya selimundu karibu itoweke. Watoto wachache wenye jeni hiyo waliougua sana walikuwa wamebeba zaidi vimelea vya aina hiyo. Ngao iliyofuliwa kwa vifo vya vizazi vingi ilikuwa imeshatobolewa mahali.

Malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o, ina kisa cha namna hiyohiyo. Vimelea vya nagana vinavyoua mifugo haviwezi kumuua binadamu, kwa sababu damu yetu ina protini iitwayo APOL1 inayotoboa utando wao. Jamaa zao wanaosababisha malale ya Afrika Mashariki wana protini inayoishika APOL1 na kuizima. Baadhi ya watu wenye asili ya Afrika nao wana APOL1 iliyobadilika kidogo ikaponyoka kwenye mshiko huo. Mwaka 2010 ikafahamika kwamba mwenye nakala mbili za jeni iliyobadilika yuko katika hatari kubwa zaidi ya figo kushindwa kazi, hata akiwa amezaliwa Marekani na hajawahi kuumwa na mbung'o maishani. Takriban asilimia 13 ya Wamarekani weusi wana nakala hizo mbili. Vita walivyopigana mababu vimewaachia wajukuu deni kwenye figo.

Kwa nini tusimalize mashindano haya upande wetu? Kasi, kwanza. Kizazi cha binadamu ni kama miaka 25, na bakteria wengine hugawanyika kila dakika 20. Tungetegemea vinasaba tunavyorithi peke yake tungeshatoweka. Kinachotuokoa ni kwamba ndani ya kila mwili kuna mageuko mengine madogo yanayokwenda kwa siku: seli za kinga hubadilisha jeni zao, zinazokishika kimelea vizuri zaidi huzaliana, zisizokishika hufa. Kimelea cha malale hukabiliana hata na hilo. Kina hazina ya jeni zaidi ya 2,000 za koti la nje, nyingi zikiwa vipande vinavyoweza kuunganishwa upya, na kila mwili unapolitambua koti moja, baadhi ya vimelea tayari vimeshavaa jingine.

Kitu kingine kinachotuokoa ni kutofanana. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, lakini hizi hazina ukingo. Kimelea humwinda zaidi mwenyeji wa kawaida, na mwenyeji wa kawaida wa leo huwa adimu kesho. Ushahidi mzuri kuliko wote ninaoujua ulitoka kwenye tope la kidimbwi huko Ubelgiji. Viroboto-maji huacha mayai yanayolala chini ya tope kwa miongo, na bakteria anayewashambulia huacha mbegu zake humohumo, tabaka juu ya tabaka. Ellen Decaestecker na wenzake wakawaamsha wote na kuwakutanisha, wa zamani na wa sasa, matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Bakteria waliwaambukiza vizuri zaidi viroboto wa wakati wao kuliko wa miaka iliyotangulia au iliyofuata. Hakuna upande uliokuwa umesonga mbele moja kwa moja. Kila mmoja alikuwa akimzunguka mwenzake.

Kwenye maabara mwaka 2011, minyoo wadogo waliozuiwa kupandana na kulazimika kujizalisha wenyewe waliwekwa pamoja na bakteria aliyeachwa abadilike nao. Kabla ya vizazi 20 koo zote za minyoo hao zilikuwa zimekwisha. Waliopandana, wakichanganya vinasaba kila kizazi, waliishi. Ninaposoma kuhusu mashamba makubwa ya mimea ya ukoo mmoja au mabanda ya maelfu ya kuku wa damu moja, huwakumbuka minyoo hao.

Maelewano ya kweli, yapo? Yapo, ila hayafanani na yale tunayohubiriwa. Nyani wa Afrika Magharibi aina ya mangabei wa kijivu hubeba kirusi kilichozaa VVU-2 ya binadamu. Damu yao imejaa kirusi na hawapati UKIMWI. Hawakukishinda, miili yao imeacha kukipigana kwa namna inayoiharibu yenyewe, na seli zao muhimu zaidi hazina mlango mwingi wa kukiingiza. Huko ni kustahimili, tofauti na kupinga, na kuna faida ya pekee: kirusi kisichozuiwa hakisukumwi kutafuta silaha mpya. Lakini kirusi hichohicho kikivuka kwenda kwa kiumbe asiyekizoea, huua. Makubaliano ya mangabei hayakumlinda mtu yeyote zaidi ya mangabei.

Sisi tumeongeza silaha ambazo hazimo kwenye vinasaba: dawa, chanjo, vipimo. Vimelea huzijibu kwa kanuni ileile, na hapo ndipo ningependa watunga sera wafikirie kama wanabaiolojia. Malawi iliacha klorokwini, dawa ya malaria, mwaka 1993 kwa sababu vimelea sugu vilikuwa vimetapakaa. Bila dawa hiyo, usugu ukawa mzigo usio na malipo, na vimelea visivyo sugu vikarudi. Kufikia mwaka 2000 vile sugu vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 85 hadi 13, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 kutoka Blantyre yalionyesha klorokwini ikifanya kazi kwa asilimia 99. Hakuna aliyevumbua chochote. Waliondoa shinikizo, wakapima, wakangoja. Iwapo wangeirudisha siku hiyohiyo kwa kila mtu, shinikizo lingerudi nayo.

Mfano wa mwisho unanisumbua kuliko yote, kwa kuwa haukuhusu dawa. Vipimo vingi vya haraka vya malaria hutafuta protini moja ya kimelea, HRP2. Anayepimwa akakutwa nayo hutibiwa, na vimelea vyake hufa. Ikitokea kimelea kimepoteza jeni ya protini hiyo, kipimo husema mgonjwa hana malaria, anarudishwa nyumbani, na mbu wanaendelea kumuuma. Vimelea vya namna hiyo viliripotiwa Peru mwaka 2010. Eritrea ilivikuta kwa wingi miaka michache baadaye, na mwaka 2016 ikabadilisha vipimo. Shirika la Afya Duniani linataka nchi ibadilishe vipimo pale ambapo upungufu huo unafanya zaidi ya asilimia 5 ya wagonjwa wakosekane, na ili nchi ijue imefika asilimia 5, lazima kuwe na mtu mwenye darubini anayewapima tena walioambiwa hawana kitu.